Jinsi ya Kuwaona Viumbe wa Mwamba wa Mombasa: Mwongozo Kamili kwa Anayezamia na Kurudi Bila Kuona Kitu

Malalamiko ni yale yale. Mtu amekodi boti Nyali au Bamburi, amevaa miwani, ameingia majini, na baada ya nusu saa anapanda akisema hamna kitu huko ila samaki wadogo wenye milia. Wengine wamezamia kwa mtungi hadi mita 15 na wakarudi na maneno hayo hayo. Na chini yao, wakati wote huo, palikuwa na mkunga aliyetoa kichwa pangoni, pweza aliyejigeuza rangi ya jiwe, na kamba mawe waliojibanza chini ya matumbawe.

Hao waliorudi mikono mitupu hawakukosa bahati. Waliingia saa isiyofaa, wakaogelea mbio, na hawakujua pa kutazama. Mambo hayo matatu yote yanarekebishika, na hata kina kirefu hakihitajiki. Hatua zilizo hapa chini zinamfaa anayeelea na mrija na pia anayezamia kwa mtungi; panapotofautiana nitasema.

Vitu vya kuwa navyo

Miwani ya kuzamia inayokukaa uso. Ijaribu dukani: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikishika, ni yako. Ikianguka, iache hata ikiwa nzuri namna gani. Mwenye masharubu manene ajue maji yatapenya hapo. Apake mafuta ya mgando au ayapunguze.

Mrija na mapezi yanayokaza mguu bila kuubana. Mapezi makubwa kupita kiasi yatakutoka, na yakianza kukutoka utapiga miguu ovyo na kuvunja matumbawe.

Shati la mikono mirefu la kuogelea. Naliweka mbele ya mafuta ya jua kwa sababu mbili: jua la Mombasa linaunguza mgongo wa anayeelea kabla hajahisi, na baadhi ya kemikali za mafuta hayo zinadhuru matumbawe. Paka mafuta shingoni na nyuma ya miguu tu, mapema, yakauke kabla ya kuingia.

Viatu vya mpira vyenye soli ngumu, vya kuvukia kwenye maji haba.

Tochi ndogo isiyopitisha maji, hata kama ni mchana. Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Ukifika mita 10, samaki mwekundu anaonekana wa kijivu. Tochi inairudisha rangi yake, na inakufungulia mapango.

Kwa wa mtungi: regulata ya kuvutia hewa, jaketi la kuelea, mkanda wa vipande vya risasi vya kuongeza uzito, kipimo cha hewa na kompyuta ya kuzamia. Kwa kawaida kituo cha uzamiaji kinakodisha vyote. Kama hujasomea, usijifunze mwenyewe wala kwa rafiki. Kozi ya kwanza inakupa ruhusa ya kufika mita 18. Anayejaribu tu hukaa na mkufunzi, asizidi mita 12.

Risiti ya kiingilio. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na malipo hufanyika kupitia eCitizen. Angalia bei ya siku hiyo mwenyewe, usitegemee ya kuambiwa ufukweni.

Chupa ya maji ya kujazwa tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi zote za taifa, na hiyo ni pamoja na hifadhi za bahari.

Vya kuacha nyumbani: glavu, fimbo na mkate. Mwenye glavu hushika. Mkate nitauzungumzia mbele.

Hatua ya 1: Panga siku kwa upepo na maji

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kabla hata hawajagusa maji.

Anza na upepo. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ndiyo majira ya maji maangavu. Kusi ikishika, Mei hadi Agosti hasa, bahari inachafuka, mawimbi yanapiga nje ya mwamba na maji yanakuwa na ukungu. Katikati kuna matlai, Oktoba na mwanzo wa Novemba, na kwa wengi wetu hizo ndizo wiki tulivu kuliko zote. Mvua kubwa ya masika nayo inaleta tope kutoka Mtwapa na Tudor. Baada ya mvua ya kumimina, subiri siku kadhaa.

Kisha maji yenyewe. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4, na Mombasa maji yanakuwa makavu kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: saa hizo za asubuhi ndizo za kujaa, na mkondo ni dhaifu.

Anayeelea na mrija achague siku mbili tatu kabla au baada ya bamvua, aingie maji yanapomalizia kupwa, abaki yanapoanza kurudi. Mwamba wa nje unakuwa umezuia mawimbi, matumbawe yako karibu na macho, na maji yanayoingia ni masafi kutoka baharini. Siku ya bamvua yenyewe maji yanaweza kuwa haba mno hata tumbo likakwaruza matumbawe.

Wa mtungi anayekwenda nje ya mwamba achague maji mafu, aingie maji yakiwa yamejaa na kusimama.

Majedwali ya maji ya Kilindini hutolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Lakini muulize pia nahodha. Atakuambia jambo ambalo jedwali halijui, kama vile upepo wa jana ulivyoyafanya maji.

Onyo: milango ya mwamba. Maji yanapokupwa, bahari yote ya ndani hutafuta njia ya kutokea kwenye milango hiyo, na mkondo wake unamshinda hata muogeleaji hodari. Ukivutwa, usishindane nao. Ogelea kwa kuukata ubavuni, inua mkono mmoja juu, na usubiri boti.

Utajua umepatia ukiwa juu ya boti: ukichungulia chini kwenye mita 3 au 4, unaona mipaka ya mawe na mchanga. Ukiona kijani kitupu, mwambie nahodha msubiri au mhame.

Hatua ya 2: Chagua mahali kulingana na unachotaka kumwona

"Mwamba" si mahali pamoja, na kila pahali pana wenyewe.

Nyasi za bahari, kati ya ufukwe na mwamba, ni za tafi wanaokula majani, kasa wanaolisha, farasi bahari kwa mwenye subira, na viti vya pweza (nyota wa bahari) vikubwa vyenye vinundu vyekundu. Watu hupita hapa haraka wakikimbilia matumbawe. Wanakosea.

Bustani za matumbawe ndani ya mwamba ndizo boti nyingi hupeleka wageni. Sehemu ya mbuga, iliyotangazwa 1986, ni kilomita za mraba 10 tu na humo uvuvi wa aina yoyote umekatazwa. Eneo la akiba linaloizunguka ni takriban kilomita za mraba 200 na humo wavuvi wanaruhusiwa kwa mishipi na malema. Mwambie nahodha waziwazi kwamba unataka ndani ya mbuga. Samaki wa humo ni wakubwa zaidi na hawamwogopi mtu sana.

Mteremko wa nje ni wa wa mtungi: chewa, kolekole wanaopita kwa makundi, kasa, taa, na mara chache papa mdogo mwenye ncha nyeupe za mapezi.

Kisha kuna Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya viumbe. Imelala kwenye kina cha karibu mita 30. Ni pazuri sana, lakini ni pa mzamiaji mwenye mafunzo ya kina, si pa safari ya kwanza.

Hatua ya 3: Kubaliana na watu wa boti kabla ya kuondoka

Hatua fupi, lakini ruka hii na utapoteza siku.

Mwombe nahodha mambo matatu. Kwanza, afunge boti kwenye boya, asitupe nanga juu ya matumbawe. Pili, asimwage mkate. Mkate huwavuta samaki wa aina moja, wale wadogo wenye milia, wanaofurika usoni mwako na kukuzuia kuona kingine. Zaidi ya hapo, huwazoeza kuacha kazi yao ya kula mwani, na mwani ukiachwa unayafunika matumbawe. Tatu, mkubaliane muda na ishara: kiganja juu ya kichwa ni salama, mkono unaopungwa ni shida.

Sema kwa adabu. "Nahodha, leo tungeomba twende polepole, tukae mahali pamoja," inatosha. Wengi wao ni watoto wa wavuvi, wanaujua mwamba kuliko kitabu chochote, na wakishajua unachotafuta watakupeleka kwenye jiwe wasilompeleka kila mtu.

Mwenye mafua asizamie. Aliyekunywa pombe asizamie. Usiingie peke yako.

Hatua ya 4: Jifunze kutulia, ndipo uanze kutazama

Samaki husikia mtetemo kupitia mstari ulio ubavuni mwake. Mtu anayepiga miguu na kutapatapa anajulikana na mwamba mzima kabla hajafika. Ndiyo sababu wanaokwenda mbali zaidi huona kidogo zaidi.

Wa mrija: lala kifudifudi juu ya maji yenye kina cha kukutosha, mikono kando, miguu imenyooka. Usifanye chochote. Pumua kwa mdomo, polepole, ukihesabu moja hadi nne ukivuta na moja hadi sita ukitoa. Moyo ukitulia, mwili unaelea wenyewe. Ukitaka kusogea, piga mapezi kwa kutokea nyongani, si magotini, na yasitoke nje ya maji.

Wa mtungi: tatizo huwa ni risasi nyingi mkandani. Jipime juu ya maji: jaketi likiwa tupu na mapafu yakiwa na pumzi ya kawaida, maji yakufike usawa wa macho. Ukizama hapo hapo, punguza. Mwenye uzito kupita kiasi huning'iniza miguu, na miguu hiyo ndiyo inayovunja matawi yaliyokua kwa miaka mingi.

Unaposhuka, sawazisha masikio kabla hayajauma: bana pua, puliza taratibu, rudia kila mita. Yakikataa, panda mita moja ujaribu tena. Usilazimishe, ngoma ya sikio ikipasuka, safari imeisha kwa miezi.

Na kanuni isiyo na msamaha: ukipumua kwa mtungi, usibane pumzi kamwe. Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu. Hewa uliyoivuta pale itatanuka mara mbili ukipanda, na isipopata njia itapasua mapafu.

Jambo jingine linalowachanganya watu: ndani ya maji kila kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja na karibu kwa robo kuliko kilivyo. Pia husahau kwamba mapezi yameongeza urefu wa mguu. Weka nafasi ya angalau mita moja kati yako na matumbawe, upande wa tumbo na upande wa miguu.

Utajua umepatia samaki wakiacha kukukimbia ukifika. Wadogo waliojificha ndani ya matawi wanaanza kutoka mmoja mmoja. Na utausikia mwamba: mlio wa kukatikakatika usiokoma, unaotokana na kamba wadogo wanaofyatua makucha yao, na juu yake mkwaruzo wa pono wanaoguguna mawe.

Hatua ya 5: Chagua jiwe moja, ukae nalo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Mkifanya moja tu, mfanye hii.

Tafuta jiwe moja kubwa lenye matumbawe hai, mapango chini yake na mchanga pembeni. Kaa nalo dakika kumi. Anayekimbia vichochoro vya Mji wa Kale huona kuta. Anayekaa barazani huwaona wenyeji. Soma jiwe kwa mpangilio: juu, ubavuni, chini, kisha mchangani.

Juu ya jiwe. Hapa ni mchana mweupe na wenyewe ni wenye rangi. Kitatange huenda wawili wawili, mume na mke, wakidonoa matumbawe kwa midomo yao myembamba. Pono ana meno yaliyoungana kuwa mdomo mgumu. Anakwangua mwani pamoja na jiwe, anasaga, na anachotoa nyuma ni mchanga mweupe. Mtazame akigeuka, utauona ule wingu wa mchanga. Kangaja hupita kwa makundi wakichunga mwani.

Ukiona kiumbe laini mwenye vidole vinavyopepea, huyo ni anemoni, na ndani yake wamo samaki wa chungwa na weupe wasiokwenda mbali naye. Vidole vile vinachoma samaki wengine, ila hawa wana ute unaowakinga. Mkubwa kuliko wote ni jike. Akifa, dume mkubwa hugeuka kuwa jike na kuchukua nafasi yake. Sogea mita moja na nusu na usubiri. Kwanza watakuja kukufukuza, wao wenye urefu wa kidole.

Ubavuni. Tafuta samaki mwembamba, wa buluu, mwenye mstari mweusi kuanzia mdomoni hadi mkiani, anayecheza mahali pamoja. Huyo ni msafishaji, na hapo ni kituo chake. Kaa mbali kidogo, mita mbili au tatu, na uangalie wateja. Chewa anakuja, anasimama, anafungua mdomo na mashavu, na msafishaji anaingia ndani kumtoa vidudu na ngozi mbovu. Wengine hubadili rangi wanaposafishwa. Kituo kama hiki ndicho mahali bora pa kuona samaki wakubwa kwa karibu, kwa sababu wao ndio wanaokufuata ulipo. Ukiwaingilia katikati, wote wataondoka.

Kuna mwizi anayemwigiza msafishaji huyo, rangi zile zile, ila mdomo wake uko chini ya pua. Mteja akimkubali, anang'atwa kipande cha pezi. Ukiona samaki mkubwa ameshtuka na kukimbia ghafla, mtafute mwizi.

Chini ya jiwe. Washa tochi, elekeza mwanga pembeni kwanza, usiwamulike machoni. Utaona masharubu marefu ya kamba mawe. Utaona samaki wekundu wenye macho makubwa wamepanga safu, wakisubiri usiku. Utamwona mkunga akifungua na kufunga kinywa. Watu hudhani anatisha, kumbe anapumua. Akae nyumbani kwake na wewe ukae kwako, mkono usiingie pangoni, na hamtagombana.

Pweza anastahili aya yake. Usimtafute pweza, tafuta ua wake. Mlangoni pa tundu lake kuna maganda ya kaa, makoa na chaza yaliyotupwa, na mawe madogo aliyoyakusanya. Ukiona rundo hilo mahali pasafi, simama. Kisha tafuta jicho. Ngozi inaweza kuwa ya jiwe, ya mwani, laini au ya vinundu, na ikabadilika ukiwa unatazama, lakini jicho halijifichi. Waokota pweza wa pwani yetu wanatumia dalili hizo hizo. Mtu aliyemwona pweza mmoja akipumua taratibu tunduni mwake ataanza kuwaona wengine.

Mchangani. Wazamiaji wengi hawaangalii hapa kabisa. Tafuta tundu lenye samaki mdogo amekaa mlangoni. Ukitulia, kamba mdogo atatoka akisukuma mchanga nje. Kamba huyo haoni vizuri. Yeye anachimba, samaki analinda, na mpapasio wa kamba unabaki umemgusa samaki. Samaki akitikisa mkia, kamba anarudi ndani. Tazama pia mkundaji akipekua mchanga kwa ndevu zake, samaki wengine wakimfuata kuokota anachofukua. Na ukiona mchanga wenye umbo la sahani, na macho mawili juu yake, ni taa amejifukia. Yule mwenye madoa ya buluu hupenda kulala chini ya ukingo wa jiwe.

Umefaulu kama, kwa jiwe hilo moja, unaweza kutaja viumbe kumi tofauti na kusema kila mmoja alikuwa anafanya nini. Kama unakumbuka rangi tu, rudia dakika kumi nyingine hapo hapo.

Hatua ya 6: Wajue wa kuwakaa mbali

Hakuna hata mmoja wao atakayekufuata akudhuru bila sababu. Wanaoumia ni wanaokanyaga, wanaoshika na wanaoingilia.

Samaki anayefanana na jiwe hukaa kimya kwenye maji haba, na miiba ya mgongo wake ina sumu kali kuliko ya samaki wengine wote. Ndiyo maana ya viatu, na ndiyo maana usisimame juu ya mwamba. Samaki mwenye mapezi marefu yaliyochanuka, mwekundu na mweupe, naye ana sumu miibani. Mrembo, apigwe picha kwa mbali. Tafi pia, kama mvuvi yeyote atakavyokuambia, anachoma.

Aliyechomwa na hawa atolewe majini, sehemu iliyochomwa itumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia, yasizidi takriban nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku akipelekwa hospitali. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Apimiwe maji na mtu mwingine, kwa mkono wake, maana aliyechomwa hahisi vizuri na anaweza kuungua.

Nungunungu wa bahari, wale weusi wenye miiba mirefu, hujazana pale ambapo kikande na samaki wengine wanaowala wamevuliwa wakaisha. Ukiwaona wamefunika mwamba, ujue mwamba huo umevuliwa kupita kiasi.

Kombe zenye umbo la pia na michoro mizuri zisiokotwe. Baadhi yake hurusha mwiba wenye sumu inayoweza kuua mtu.

Kikande mkubwa, mwenye kichwa kirefu na meno ya nje, akiwa na kiota mchangani humfukuza yeyote na anauma kweli. Eneo lake linapanuka kuelekea juu, kwa hiyo usipande. Ogelea kando, ukimwangalia, mapezi yakiwa upande wake.

Tumbawe la moto, la rangi ya haradali na ncha nyeupe, huwasha ngozi. Sababu nyingine ya mikono mirefu.

Hatua ya 7: Kasa, papa shilingi na wengine wakubwa

Ukikutana na kasa, usimfuate. Mkae ubavuni, mita tatu au zaidi, mwende upande mmoja. Anapotaka kupanda, mwachie njia, kwani lazima avute hewa juu. Anayemzuia anamnyima pumzi. Ng'amba utamjua kwa mdomo uliochongoka na ukingo wa gamba wenye meno. Mara nyingi yuko kwenye matumbawe akila sponji. Mwenye kichwa cha mviringo anayekula nyasi ndiye kasa wa kawaida.

Papa shilingi, mwenye madoa meupe mgongoni, hupita pwani yetu zaidi majira ya kaskazi. Anakula viumbe vidogo vinavyoelea na hana haja nawe. Usimguse, usikae mbele yake, jihadhari na mkia. Nyangumi nao hupita nje wakati wa kusi, na hao waangaliwe kutoka botini.

Nami nina ombi moja kwa uchungu kabisa. Pale maji yanapokauka, wageni hupewa viti vya pweza wavishike juu ya maji wapige picha, mmoja baada ya mwingine, asubuhi nzima. Kiumbe huyo anapumua kwa maji. Kila anayekataa kumshika na kusema kwa upole "mwache alipo, nitampiga picha hapo hapo" anapunguza biashara hiyo. Piga picha akiwa ndani ya maji, na tia miwani yako chini umtazame akitembea kwa miguu yake midogo. Ni jambo zuri zaidi kuliko picha ya mkononi.

Hatua ya 8: Toka salama

Wa mrija: toka kabla hujachoka wala kuanza kutetemeka. Hata kwenye maji ya nyuzi 28, mwili uliotulia saa nzima unapoa.

Wa mtungi: anza kurudi hewa ikiwa bado ya kutosha, si inapoelekea kwisha. Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika. Simama mita 5 kwa dakika 3. Inua mkono, tazama juu, sikiliza injini. Kisha kaa nchi kavu: baada ya kuzamia mara kadhaa, saa 18 angalau kabla ya kupanda ndege. Wanaopanga kuzamia asubuhi na kuruka Nairobi jioni hiyo hiyo wabadilishe mpango. Na treni ya SGR ya kwenda Nairobi usiidhanie salama kwa sababu haipai. Reli inapanda hadi juu ya mita 1,600, na barabara ni vivyo hivyo. Muulize mkufunzi wako kabla hujakata tiketi.

Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya kuzamia ni dharura. Usilale ukisema yatapita. Piga simu kwa kituo ulichozamia nacho, mgonjwa apewe oksijeni, apelekwe hospitali.

Hatua ya 9: Andika siku hiyo hiyo

Kabla chumvi haijakauka, andika saa ulizoingia, hali ya maji, jiwe lilikuwa wapi, nani alikuwa juu, ubavuni, chini na mchangani. Usiyemjua mchore: umbo la mkia, mahali pa mdomo, mistari inaenda wima au ulalo. Rangi pekee hazisaidii, kwani samaki wengi hubadilika wakikua. Pono mchanga na pono dume mzee hawafanani kabisa.

Kisha nenda panaposhushwa samaki jioni, uwaonyeshe wavuvi mchoro wako. Watakupa jina, na mara nyingi watakuambia anakula nini na anatoka saa ngapi.

Safari ya pili ipange wiki mbili baadaye, si wiki moja. Wiki moja mbele maji yatakuwa yamegeuka, ulipokuta kupwa utakuta kujaa. Wiki mbili mbele yanarudi kwenye saa zile zile kwa kukaribiana, na unaweza kwenda jiwe lile lile, kina kile kile, ukaanza na upande ambao mara ya kwanza hukuufikia.